Wageni wa saiti yako wanatoka wapi, na ufanyeje usitegemee mlango mmoja

Wenye saiti wengi wanaijua namba moja tu, ile ya watu wangapi wameingia leo. Ikipanda wanachekelea, ikishuka usingizi hamna, afu ukiwauliza hao watu wametokea wapi wanakujibu "Google na mitandao" basi, wameishia hapo. Namba ya jumla peke yake haikuambii ufanye nini kesho. Wageni elfu moja walioletwa na posti moja iliyosambaa jana usiku sio sawa na wageni elfu moja ambao kila wiki wanarudi wenyewe, ila kwenye ile grafu wanaonekana vilevile kabisa.

Kwa hiyo tuanze na kujua, kusawazisha kutafuata, maana ukianza kusawazisha namba zilizochafuka unajichosha bure.

Vifaa kwanza. Kama huna chochote weka Google Analytics, ile ya GA4, kwa sababu ya zamani iliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, kwa hiyo ukikutana na maelekezo ya kabla ya hapo menyu zake hazitafanana na unachokiona. Weka na Search Console pia, hii watu wanaidharau lakini ndo inayokuonyesha maneno watu waliyoandika Google kabla ya kukufikia, Analytics peke yake haikuonyeshi hayo. Zote ni bure. Kama hutaki data za wageni wako ziende Google, zipo Matomo na Plausible, zinafanya kazi nzuri na menyu zake ni nyepesi zaidi kusema ukweli. Jambo moja la kufanya siku hiyohiyo unayoweka GA4, ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kuhifadhi data, imewekwa miezi 2, ibadilishe iwe 14, la sivyo mwakani ukitaka kuchimba kwa kina ulinganishe na mwaka huu utakuta hamna kitu.

Sasa inajuaje mtu katoka wapi? Mtu akibonyeza linki kwenye saiti fulani kuja kwako, brauza yake inakuja na taarifa ya alikotoka, tuiite rifara, na script ya takwimu, yaani kile kipande cha kodi kinachohesabu wageni kwenye saiti yako, inaisoma hiyo. Ndo hivyo tu, hamna uchawi. Na ukishaelewa hilo unaelewa pia kwa nini ripoti zinadanganya, kwa sababu rifara inaweza isiwepo. Mtu akibonyeza linki ndani ya PDF, au kwenye programu ya barua pepe kwenye kompyuta, au kwenye meseji ya WhatsApp, mara nyingi brauza inafunguka mikono mitupu. Akitoka saiti yenye https kuja yenye http tupu, rifara inakatwa njiani. Na hata ikiwepo siku hizi inakuja nusu, tangu 2020 Chrome inatuma jina la saiti tu bila ukurasa kamili, kwa hiyo unajua umeletwa na saiti fulani ila sio makala gani.

Ripoti yenyewe: fungua Reports, kisha Acquisition, kisha Traffic acquisition. Ikifunguka itakupa makundi, lakini usiishie hapo, badilisha ile safu ya kwanza iwe Session source / medium. Makundi yanaficha mambo, safu hii inakupa jina la chanzo na aina yake. Pembeni kuna ripoti inaitwa User acquisition, watu wanazichanganya hizi mbili kila siku. User inahesabu mtu alikuja mara ya kwanza kabisa kwa njia gani, Traffic inahesabu kila ziara. Ukitaka kujua nani anakuletea watu wapya angalia ya User, ukitaka kujua wiki hii kumetokea nini angalia ya Traffic.

Makundi mengi yanajieleza. Organic Search ni waliotoka kwenye kusechi bila tangazo, Paid Search ni waliobonyeza tangazo ulilolipia, Organic Social ni mitandao, Referral ni saiti za watu wengine zilizokuwekea linki, Email ni barua pepe. Siku hizi utaona na chatgpt.com ikijitokeza, hao ni watu walioliuliza lile roboti swali na likawapa linki yako. Kwa saiti nyingi bado ni wachache lakini waache wasomeke peke yao, usiwachanganye na kundi jingine.

Penye kazi ni Direct.

Kitabuni Direct ni mtu aliyeandika anwani yako mwenyewe au aliyekuhifadhi kwenye brauza. Kiuhalisia Direct ni kapu la kila mtu ambaye chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 2012 Alexis Madrigal aliandika kwenye jarida la The Atlantic kwamba sehemu kubwa ya wasomaji wanaoonekana hawana chanzo kumbe wanatoka kwenye chati na barua pepe za watu binafsi, na toka wakati huo chati zimeongezeka tu. Kuna kipimo rahisi cha kulifungua kapu hili. Ukiwa palepale kwenye ripoti chuja ibaki Direct peke yake, kisha ongeza safu ya pili ya Landing page, yaani ukurasa wa kwanza mtu aliotua. Utaona kurasa zimepangwa kwa wingi wa ziara. Wanaotua ukurasa wa mwanzo wa saiti, hao amini wengi ni wa kweli, wanakujua kwa jina. Ila ukiona ziara mia tatu za Direct zimetua kwenye makala yenye anwani ndefu yenye vistari sita na tarehe katikati, jiulize ni nani kakaa akaiandika yote ile kwa vidole. Hamna. Hiyo linki imerushwa kwenye magrupu. Angalia na saa, kama zote zimeingia ndani ya masaa matatu jioni basi kuna grupu moja kubwa limeipata, na hiyo ni habari njema, maana unajua makala ya aina gani watu wanaona inafaa kutumiana.

Na kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui. GA4 ikikutana na ziara isiyo na chanzo, inarudi nyuma kuangalia kama huyo mtu alishawahi kuja kwa njia inayojulikana, na kama ipo inampa sifa hiyo njia ya zamani. Yaani mtu alikupata Google wiki iliyopita, kakupenda, leo kaandika anwani yako mwenyewe, ripoti itasema Google. Kwa hiyo Direct imejaa watu wasiokuwa wake na wakati huohuo imepungukiwa na watu wake halali. Ndo maana ukitaka kujua waaminifu wako ni wangapi usitegemee Direct, angalia wageni wanaorudi, na kwenye Search Console angalia wangapi wanasechi jina la saiti yako lenyewe. Anayesechi jina lako huyo ni wako, Google kafungua geti tu.

Kupunguza giza hili weka alama kwenye linki unazosambaza mwenyewe. Zinaitwa UTM, herufi ya U ni ya Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua 2005 ikazaa Analytics. Mwisho wa linki yako unaongeza kitu kama hiki:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=uzinduzi

Source ni sehemu, medium ni aina ya njia, campaign ni jina la shughuli yako. Ukirusha linki hiyo kwenye grupu, wanaobonyeza hawaingii tena kwenye kapu, wanasomeka whatsapp. Sasa makosa yanayoharibu kazi hii ni machache lakini yanajirudia kila mahali. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, ukiandika Whatsapp leo na whatsapp kesho utapata mistari miwili, kwa hiyo kila kitu herufi ndogo, mwisho. Kwenye medium usibuni maneno, GA4 ina orodha yake inayoitambua, barua pepe lazima iwe email, ukiandika imeili au barua kwa sababu ndivyo unavyoongea hao wageni wataangukia Unassigned, yaani wasio na kundi, na utashangaa mbona jarida lako halisomwi. Na usiweke UTM kwenye linki za ndani ya saiti yako mwenyewe, jamani, kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda kwenye makala. Ukifanya hivyo unavuruga chanzo cha kweli, mtu katoka Google kwa jasho lako lote la SEO, ile kazi ya kupandisha saiti kwenye kusechi, afu ripoti inaweza kusema katoka kwenye bango lako la ukurasa wa mwanzo. Fungua spreadsheet moja uandike kila linki yenye alama uliyowahi kutoa, hasa kama mko zaidi ya mmoja, vinginevyo baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka "promo2b" ilikuwa nini.

Kabla ya kupiga hesabu safisha. Utakuta facebook.com, m.facebook.com, l.facebook.com na lm.facebook.com kila moja na mstari wake, wote hao ni Facebook, jumlisha. t.co ni X, ile Twitter ya zamani. Kama unauza kitu na mteja anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo kisha anarudishwa, ile kampuni itajitokeza kama imekuletea mteja, na mbaya zaidi inachukua sifa ya mauzo yote, kwa hiyo iweke kwenye orodha ya rifara zisizotakiwa, ipo ndani ya mipangilio ya data stream. Jitoe na wewe mwenyewe pamoja na timu yako kwa kuchuja IP zenu, zile namba za mtandao mnaotumia, saiti ndogo nyingi mgeni namba moja ni mwenye saiti. Maroboti yanayojulikana GA4 inayaondoa yenyewe ila mengine yanapita, utayajua kwa ziara nyingi za ghafla kutoka mji mmoja, hakuna aliyekaa hata sekunde 10, wala aliyefungua ukurasa wa pili. Usizisherehekee hizo. Na kumbuka kuna watu wa kweli ambao hawahesabiwi kabisa kwa sababu wanatumia vizuia matangazo vinavyozuia na script za takwimu, kwa hiyo soma hizi namba kama mwelekeo, sio kama mahesabu ya benki.

Sasa usawa. Watu wakisikia kusawazisha wanadhani kila chanzo kiwe na asilimia ishirini, hapana, hakuna saiti yenye afya inayofanana na keki iliyokatwa vipande sawa. Swali ni moja tu: chanzo kikubwa kikizimika kesho asubuhi, unabaki na nini? Fanya hesabu hiyo kwa siku 90 zilizopita, na usiifanye kwa wageni peke yake, ifanye na kwa kile unachokitaka kutoka kwao, iwe oda, simu, au kujiandikisha. Mfano wa kubuni, tuseme kwa kipindi hicho una ziara 10,000. Google 7,200, Direct 1,500, Facebook 900, barua pepe 300, saiti nyingine 100. Oda ni 80, na ukizigawa Google imeleta 36, barua pepe 22, Direct 14, saiti nyingine 5, Facebook 3. Toa Google. Ziara zimeporomoka asilimia 72, umekufa, lakini oda zimeshuka asilimia 45, umeumia ila unapumua. Na tazama barua pepe, ziara 300 tu lakini kati ya kila watu 100 saba wameagiza, wakati Google hata mmoja kwa mia haifiki. Facebook ziara 900 oda 3, na pengine huko ndiko unakoshinda kutwa nzima ukijibu komenti. Hapo tayari unajua saa zako za wiki ijayo ziende wapi, na haikuhitaji mtaalamu.

Kipimo changu mimi, sio sheria: chanzo kimoja kikileta zaidi ya nusu ya kile unachokitaka, anza kujenga cha pili taratibu. Kikifika robo tatu, acha kupamba saiti, hiyo ndo kazi yako sasa hivi.

Sio uoga wa bure. Google ilipotoa Panda mwaka 2011, badiliko la jinsi inavyopanga matokeo, kuna saiti zilizolala zikiwa kwenye ukurasa wa kwanza zikaamka hazionekani, na toka hapo mabadiliko makubwa hayajawahi kukatika. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa, waliokuwa wanaishi kwa kurasa wakabaki wanatazamana. Agosti 2023 Meta, mwenye Facebook, ikazima habari kabisa Kanada kwa sababu ya mvutano na sheria ya huko, vyombo vya habari vikapoteza mlango mzima kwa uamuzi ambao hawakukaa mezani. Na toka Mei 2024 Google imeanza kuweka majibu ya AI juu kabisa ya matokeo, mtu anasoma anaondoka bila kukliki popote. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na wajibu wa kukuuliza.

Kwa hiyo tofautisha vyanzo vya kukodi na vya kwako. Mitandao na kusechi ni vya kukodi hata kama hulipi. Vya kwako ni orodha ya barua pepe na watu wanaolikumbuka jina lako. Kazi kubwa ya kusawazisha ni kuhamisha watu kutoka kwenye vya kukodi kwenda kwenye vya kwako wakati bado wanakuja kwa wingi, sio siku wamekatika. Chukua kurasa zako tano zinazoleta wageni wengi wa Google, kila moja weka fomu ya kujiandikisha katikati ya makala, sio chini kabisa ambako hawafiki, na uahidi kitu kinachoendana na ukurasa huohuo. "Jiunge na jarida letu" haimvuti mtu. Mtu kaja kusoma jinsi ya kupunguza uzito wa picha kwenye saiti, mwambie utamtumia orodha fupi ya kukagua kasi ya saiti nzima, huyo atakupa anwani yake.

Ukianza kutuma fanya mambo ya kiufundi mapema, toka Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku wawe na SPF, DKIM na DMARC, yaani vithibitisho kwamba barua imetoka kwako kweli, na kitufe cha kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Hata kama wewe unatuma mia mbili weka tu, ukichelewa barua zako zitazoea kwenda spam na kuzitoa huko ni shughuli.

Upande wa kusechi, ndani ya Search Console kuna hazina imelala. Fungua Performance, angalia maneno ambayo unaonyeshwa mara nyingi lakini nafasi yako ni kuanzia ya 8 mpaka ya 20. Hapo Google inakujua ila mtu hakufikii. Fungua huo ukurasa, soma kama mgeni, je, swali lile limejibiwa kwenye aya mbili za kwanza au umeanza na historia? Rekebisha kichwa, jibu mapema, weka linki tatu nne kutoka kwenye makala zako nyingine. Hii inalipa kuliko kuandika makala mpya kumi. Data zake zinakaa miezi 16 kwa hiyo unaweza kulinganisha na msimu kama huu mwaka jana.

Rifara za saiti nyingine zinapuuzwa kwa sababu ni chache, lakini kwenye ule mfano wetu ziara 100 zilileta oda 5. Tafuta nani tayari anakutaja, mwandikie, mpe kitu kingine anachoweza kutumia. Kununua linki usijaribu, Google ilishawaadhibu wa mchezo huo kwa Penguin, badiliko lake jingine la mwaka 2012. Matangazo ya kulipia ni sawa kwa kupima kitu haraka, ila siku hela ikiisha na wageni wanaisha, usiyahesabu kama msingi. Mitandao chagua mmoja, mmoja tu.

Na jenga chanzo kimoja kwa wakati mmoja, kipe miezi mitatu. Ukifungua vyote kwa pamoja namba zikipanda hujui ni kipi kimefanya kazi.

Siku namba zikishuka, na zitashuka, usikimbilie kubadilisha saiti. Kwanza hakikisha script ya takwimu bado ipo, watu wanabadilisha theme, yaani muonekano wa saiti, inapotea nayo wanalia kwamba Google imewachukia. Kama ipo, angalia ni chanzo kipi kimeshuka, vyote au kimoja. Vikishuka vyote kwa uwiano ule ule, tatizo liko kwako, saiti ilizimika au imekuwa nzito, au ni msimu tu. Kikishuka kimoja, ingia ndani yake uone ni kurasa zipi. Ikiwa ni Google, linganisha kwenye Search Console: kuonyeshwa kumeshuka, au unaonyeshwa vilevile ila kliki ndo zimepungua? La kwanza lina maana umeshushwa nafasi au watu wameacha kusechi kitu hicho, angalia safu ya nafasi itakuambia. La pili lina maana kuna kitu kimekaa juu yako kwenye ukurasa wa matokeo, kwa hiyo chukua simu, fungua dirisha la faragha, sechi neno lenyewe ukione kwa macho yako kabla hujagusa makala hata moja.